Printa ikigoma: mambo ya kukagua kabla ya kufunga safari ya Lodwar

Katika wadi ya Katilu, kama ilivyo katika wadi nyingi za Kaunti ya Turkana, huduma nyingi siku hizi huanzia kwenye simu au kompyuta lakini humalizikia kwenye karatasi. Fomu ya basari hupakuliwa, huchapishwa, hujazwa kwa kalamu na kupelekwa kwa chifu ili apige muhuri. Mwanafunzi aliyeitwa chuoni huhitaji barua yake ya kujiunga, cheti cha PIN cha KRA na nakala za vitambulisho vya wazazi. Mwalimu mkuu hupakua karatasi za tathmini za shuleni kutoka tovuti ya KNEC, na ni juu ya shule kuzichapisha kabla wanafunzi hawajaketi. Kikundi cha wakulima kando ya mto Turkwel huhitaji kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama ili kifungue akaunti ya benki.

Printa moja ikigoma siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu, hasara yake si ya karatasi tu. Kutoka Katilu hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 100 kupitia Lokichar. Safari ya kwenda na kurudi hula nauli, na aghalabu hula siku nzima. Mzazi anayechelewa kuwasilisha fomu ya basari kwa sababu ya karatasi iliyokwama anaweza kulazimika kusubiri hadi awamu nyingine.

Hata hivyo, matatizo mengi ya printa hayahitaji fundi wala kipuri kipya. Yanahitaji mtu mtulivu anayekagua jambo moja baada ya jingine kwa mpangilio. Makala haya yanaeleza mpangilio huo kwa watumishi wa afisi, walimu, wenye saiba na yeyote aliye na printa nyumbani. Majina ya vitufe yameandikwa jinsi yanavyoonekana kwenye kompyuta za Windows, ambazo ndizo zinazotumika katika afisi nyingi.

Swali la kwanza: kosa liko wapi?

Printa inapokataa, wengi wetu huanza kugusa kila kitu kwa pamoja. Tunazima, tunawasha, tunachomoa waya, tunatuma hati mara tano. Baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka ni kipi kilichobadilishwa. Anza kwa swali moja tu: tatizo liko ndani ya printa yenyewe, au liko kwenye kompyuta na njia inayoiunganisha na printa?

Kama printa yako hutoa pia fotokopi, jibu hupatikana kwa dakika moja. Weka karatasi yenye maandishi kwenye kioo, funika, kisha bonyeza kitufe cha kunakili. Kazi hiyo hufanywa na printa peke yake, kompyuta haihusiki. Kama printa haina kioo, chapisha ukurasa wa majaribio kutoka kwenye printa yenyewe. Printa nyingi zina kitufe kinachofanya hivyo ukikishikilia kwa sekunde chache, na kijitabu cha maelekezo hueleza ni kipi.

Nakala ikitoka safi, printa ni nzima. Usiifungue, wala usibadilishe wino. Nenda kwenye sehemu za makala haya zinazohusu muunganisho, foleni na hati yenyewe. Nakala isipotoka, au ikitoka na kasoro ileile, basi kompyuta haina hatia. Kagua umeme, karatasi na wino.

Jaribio hili dogo huokoa pesa. Watu wamenunua katriji mpya kumbe waya wa USB ulikuwa umelegea. Wengine wamelipia kompyuta iwekewe Windows upya kumbe kilichohitajika ni kufuta vumbi.

Umeme: printa ya leza na sola haviivani kwa urahisi

Katika maeneo mengi ya Turkana, afisi, maduka na shule hutegemea paneli za sola, betri na inveta, na penginepo jenereta. Hapa ndipo kuna tatizo ambalo vijitabu vya maelekezo havilielezi vya kutosha.

Printa za wino na printa za leza hazili umeme sawa. Printa ya wino wa maji hutumia takriban wati 10 hadi 20 inapochapisha, yaani kama balbu moja au mbili. Printa ya leza hutumia tona, ambayo ni unga mkavu. Unga huo hushika karatasi kwa kuchomwa na rola ya ndani yenye joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Kupasha joto rola hiyo huhitaji umeme mwingi kwa ghafla. Kwa sekunde chache printa inaweza kuvuta wati 1,000 au zaidi, hata kama ni ndogo ya mezani.

Kwa hiyo inveta ya wati 300 au 500 inayoendesha laptopu, taa na chaja za simu bila shida huanguka mara tu printa ya leza inapoanza kupata moto. Dalili zake ni hizi: printa inajizima na kujiwasha kila unapotuma kazi, inveta inapiga kelele, taa zinafifia, au kompyuta inazimika. Ukiona hivyo, usinunue printa nyingine. Printa ni nzima, ila umeme hautoshi.

Suluhu zipo. Kwanza, kama mnatumia sola pekee na mnapanga kununua printa, printa ya wino, hasa ya tangi linalojazwa kwa chupa, itawafaa zaidi kuliko ya leza. Pili, kama mna printa ya leza tayari, itumieni wakati jenereta au umeme wa gridi upo, na kusanyeni hati zote zichapishwe kwa mkupuo mmoja badala ya kuiwasha kwa kila karatasi. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo printa iwashwe. Tatu, msichomeke printa ya leza kwenye UPS ya kompyuta. Watengenezaji wengi hukataza jambo hilo, kwa kuwa uvutaji wa ghafla huilemea UPS na kuizima pamoja na kompyuta. Nne, kabla ya kununua, someni kibandiko kilicho nyuma ya printa na maelezo ya kijitabu chake, kisha mlinganishe na uwezo wa inveta yenu.

Kuna jambo jingine kuhusu kuzima. Printa ya wino izimwe kwa kitufe chake yenyewe, isizimwe kwa kuchomoa waya au kuzima swichi ya ukutani. Ukibonyeza kitufe, kichwa cha wino hurudi mahali pake na kufunikwa ili kisikauke. Ukikata umeme ghafla, kichwa hubaki wazi. Katika joto letu, wino unaweza kukauka kwenye matundu yake kwa muda mfupi.

Printa ipo mezani, kompyuta inasema haipo

Neno "Offline" likitokea kwenye skrini, maana yake ni kwamba kompyuta haiioni printa. Kagua hivi.

Kama printa imeunganishwa kwa waya wa USB, chomoa ncha zote mbili na uzichomeke tena, kisha jaribu tundu jingine la USB kwenye kompyuta. Epuka vigawanyaji vya USB. Kama kuna waya mwingine, ubadilishe. Panya hutafuna nyaya, na ncha za USB hujaa vumbi.

Kisha hakikisha hati inakwenda kwa printa inayofaa. Kompyuta nyingi zina majina ya printa kadhaa, yakiwemo ya zamani zilizokwisha kuondoka na yale yanayohifadhi hati kama faili tu, kwa mfano "Microsoft Print to PDF". Fungua "Settings", kisha "Bluetooth & devices" au "Devices", kisha "Printers & scanners". Zima chaguo la "Let Windows manage my default printer", halafu chagua printa yako iwe ya kudumu. Chaguo hilo likiwa limewashwa, Windows hufuata printa iliyotumiwa mara ya mwisho. Aliyehifadhi PDF jana atakuta leo kompyuta inamuuliza faili iitwe nani badala ya kuchapisha.

Kwenye ukurasa huohuo, fungua foleni ya printa yako na uangalie kama "Use Printer Offline" au "Pause Printing" imewekewa alama. Iondoe.

Kama printa inatumia Wi-Fi, chanzo cha kawaida ni umeme kukatika. Rauta huipa kila mashine nambari ya anwani. Umeme unaporudi, rauta inaweza kuipa printa nambari mpya huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwa ile ya zamani. Ni kama mtu aliyehamia manyatta nyingine wakati mgeni wake bado anabisha hodi kule alikotoka. Zima rauta, printa na kompyuta. Washa rauta kwanza, ngoja dakika mbili au tatu, washa printa, kisha kompyuta. Ikishindikana, iondoe printa kwenye orodha kwa "Remove" na uiongeze upya kwa "Add device". Tatizo likijirudia kila wiki, mwombe fundi wa mtandao aiwekee printa nambari isiyobadilika kwenye rauta.

Wanaotumia intaneti ya simu badala ya rauta wazingatie mambo mawili. Printa hukumbuka jina na nywila ya mtandao wa simu ile ile. Mwenye simu akiondoka au akibadilisha nywila, printa hubaki bila mtandao. Vilevile, printa nyingi za bei nafuu hupokea mawimbi ya gigahazi 2.4 tu. Simu ikiwa imewekwa kwenye gigahazi 5, printa haitauona mtandao huo hata ikiwa mezani pamoja na simu. Badilisha mpangilio huo kwenye simu, au tumia waya wa USB tu, kwani hautegemei mtandao wowote.

Foleni iliyokwama

Ukibonyeza "Print", kompyuta haipeleki hati moja kwa moja kwenye karatasi. Huiweka kwanza kwenye foleni, kisha huitoa kwa zamu. Foleni hiyo ni kama mitungi kwenye bomba la kijiji: wa kwanza usipoondolewa, hakuna mwingine utakaojazwa. Hati moja iliyoharibika ikikwama mbele, zote zilizo nyuma yake husubiri.

Hapa ndipo haraka hukosa baraka. Mtu akiona karatasi haitoki, hubonyeza "Print" tena na tena. Hajatatua lolote, ameongeza urefu wa foleni. Printa ikizinduka baadaye, humwaga nakala kumi za fomu ileile na kumaliza karatasi za afisi.

Njia sahihi ni kufungua foleni, kubonyeza hati ya kwanza kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Cancel". Kama inaandika "Deleting" na haitoki, fanya hivi kwa kompyuta ambayo una ruhusa ya msimamizi:

1. Zima printa.
2. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika "services" na ufungue.
3. Tafuta "Print Spooler" kwenye orodha, bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Stop".
4. Fungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na ufute faili zote zilizo ndani yake. Usiifute folda yenyewe.
5. Rudi kwenye "Print Spooler", chagua "Start".
6. Washa printa na utume hati moja tu ya majaribio.

Afisi zenye printa moja inayotumiwa na kompyuta kadhaa zinaweza kukutana na ujumbe wenye nambari 0x0000011b. Ulianza kuonekana mwaka 2021, baada ya Microsoft kutoa masasisho ya kuziba udhaifu mkubwa katika huduma hiyohiyo ya foleni, ambao wadukuzi wangeweza kuutumia kuingia kwenye kompyuta. Wapo wanaoshauri masasisho hayo yaondolewe ili printa ifanye kazi. Usifanye hivyo, kwa kuwa utakuwa umefungua mlango kwa wezi wa data. Sasisha kompyuta zote mbili, au mwambie afisa wa TEHAMA aiunganishe printa moja kwa moja kwenye mtandao.

Karatasi: vumbi, ukavu na mikono yenye haraka

Karatasi ikikwama, zima printa kwanza. Kwenye printa ya leza, subiri ipoe kwa muda, kwani rola ya ndani inaweza kukuchoma. Fungua milango yote, wa mbele na wa nyuma. Shika karatasi kwa mikono miwili na uivute polepole kuelekea upande ambao ingetokea. Ukiivuta kwa nguvu au kinyume, itachanika, na kipande kidogo kama ukucha kitabaki ndani. Kipande hicho ndicho hufanya printa iendelee kudai karatasi imekwama hata baada ya kuondoa ile kubwa. Iunganishe karatasi uliyoitoa ili uone kama imetimia.

Kama printa haivuti karatasi kabisa, au inavuta tatu kwa pamoja, angalia mambo mawili. La kwanza ni rola ya mpira inayovuta karatasi. Vumbi laini linaloletwa na upepo wetu hulifanya gome la mpira kuwa telezi. Lipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa maji safi kidogo, likauke, kisha ujaribu tena. Usitumie petroli wala spiriti, kwani mpira hukakamaa na kupasuka.

La pili ni karatasi zenyewe. Hewa kavu huzifanya zishikane kwa umeme tuli. Kabla ya kuziweka kwenye trei, zipepee kwa vidole kama mtu anayehesabu noti, kisha zigongeshe mezani ziwe sawa. Usijaze trei kupita alama. Karatasi zilizobaki zirudishwe kwenye pakiti yake na kufungwa. Karatasi iliyowahi kutumiwa upande mmoja haifai kama ina pini, imekunjamana au ina gundi.

Dawa kuu ya vumbi ni kitambaa. Printa inapomaliza kazi na kupoa, ifunike. Isiwekwe dirishani wala karibu na mlango unaoingiza upepo. Shuka moja jepesi la shilingi chache huongeza miaka ya printa ya maelfu ya shilingi.

Maandishi hafifu, mistari na madoa

Printa nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 10 hadi 32 au 35. Mjini Lodwar, wastani wa joto la juu la mchana ni takriban nyuzi 35, na Kakuma ni hivyohivyo. Ina maana kwamba saa nane mchana, ndani ya chumba cha mabati, printa zetu huwa zimefika au zimepita mpaka wake. Kazi kubwa ya kuchapisha, kama karatasi za mtihani wa shule nzima, ni bora ifanywe asubuhi.

Kwa printa ya wino, mistari myeupe inayokata maandishi au rangi moja kupotea ni dalili ya matundu yaliyoziba. Chapisha kwanza ukurasa wa kukagua matundu, unaoitwa "Nozzle Check". Mistari ikiwa na mapengo, endesha usafishaji wa "Head Cleaning" mara moja, kisha ukague tena. Usifanye zaidi ya mara mbili au tatu mfululizo. Kila usafishaji hunywa wino na kuumwaga kwenye pedi ya ndani, na pedi hiyo ikijaa printa hugoma kabisa hadi ibadilishwe. Kama bado kuna mapengo, zima printa kwa kitufe na uiache usiku mzima. Mara nyingi wino ulioganda hulainika wenyewe. Kinga yake ni kuchapisha ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hakuna kazi.

Usiache tangi likauke, na usichanganye wino wa aina mbili. Wino wa bei ya chini uliotengenezewa printa nyingine unaweza kuganda unapokutana na ule wa awali, na kichwa cha printa hugharimu karibu bei ya printa mpya.

Kwa printa ya leza, maandishi yakififia upande mmoja, toa katriji ya tona, itikise taratibu kulia na kushoto mara tano au sita, uirudishe. Unga hujisambaza na utapata kurasa kadhaa zaidi huku ukiagiza nyingine. Maandishi yakifutika ukiyagusa kwa kidole, rola ya joto haipati moto wa kutosha. Angalia umeme, kisha hakikisha aina ya karatasi iliyochaguliwa kwenye kompyuta ni ya kawaida. Tona ikimwagika, ipanguse kwa kitambaa kikavu na unawe kwa maji baridi, kwani maji moto huifanya inate.

Mstari mweusi unaoshuka kwenye ukurasa mzima huwasumbua wengi. Linganisha fotokopi na hati iliyotoka kwenye kompyuta. Kama mstari uko kwenye fotokopi tu, kuna uchafu kwenye kioo, mara nyingi kwenye ule ukanda mwembamba wa pembeni ambapo karatasi hupita zikiingizwa kutoka juu. Ufute. Kama mstari uko kwenye zote mbili, tatizo ni katriji au drami. Doa likijirudia kwa umbali ulio sawa kwenye ukurasa, kuna kovu kwenye drami au rola inayozunguka, na hapo fundi anahitajika.

Ubora huu si urembo tu. Vyeti vingi vya mtandaoni siku hizi vina alama ya mraba ya QR ambayo afisa huisoma kwa simu ili kuthibitisha cheti. Alama hiyo ikipitiwa na mistari, simu inaweza kushindwa kuisoma na mwananchi akarudishwa nyumbani. Ijaribu kwa simu yako kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Wakati mwingine kosa liko kwenye hati

Printa inapowasha taa ya kudai karatasi huku trei imejaa, sababu huenda ni kipimo. Sisi hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani hutumia Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ambayo ni fupi na pana zaidi. Hati au kompyuta iliyopangwa kwa kipimo cha Marekani huifanya printa isubiri karatasi ambayo haiuzwi hapa. Badilisha "Paper size" iwe A4 kwenye dirisha la kuchapisha, na pia kwenye mipangilio ya printa ili isijirudie. Kama sehemu ya chini ya fomu inakatika, chagua "Fit" kwenye PDF.

Hati iliyoandikwa kwa Word kwenye simu au kompyuta nyingine hubadilika sura ikifunguliwa kwenye saiba, kwa kuwa aina ya herufi zilizotumika huenda hazipo. Ihifadhi kama PDF kabla ya kuituma. PDF ikitoa herufi zisizosomeka au kurasa tupu, fungua "Advanced" kwenye dirisha la kuchapisha la Adobe Reader na uweke alama kwenye "Print as image". Huchapisha polepole lakini hutoka jinsi inavyoonekana.

Picha ya fomu iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora. Mwombe mtumaji aitume kama faili la hati, si kama picha.

Karatasi za watu ni siri za watu

Foleni iliyokwama ina hatari nyingine. Hati ya mteja aliyekwisha kuondoka inaweza kutoka saa moja baadaye, mbele ya mgeni: nakala ya kitambulisho, taarifa ya mshahara, majibu ya hospitali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na hilo halihusu kampuni kubwa pekee.

Mwenye saiba au karani wa afisi azoee mambo matatu. Futa faili la mteja mbele yake baada ya kuchapisha, likiwemo lililo kwenye folda ya "Downloads" na kwenye "Recycle Bin". Hakikisha ametoka kwenye akaunti zake za barua pepe na eCitizen. Karatasi zilizoharibika zenye majina na nambari za watu zichanwe au zichomwe, zisifungiwe mandazi. Nawe mwananchi, usiondoke kabla ya kuona foleni ikiwa tupu na karatasi yako ya asili ikitolewa kwenye kioo. Vitambulisho vingi husahaulika hapo.

Ukilazimika kumwita fundi

Zipo kasoro ambazo hazifai kujaribiwa nyumbani: harufu ya kuungua, moshi, kelele za meno ya gia yanayovunjika, printa isiyowaka hata kwenye soketi nzima, au drami iliyokwaruzwa. Chomoa waya na uache.

Kabla ya kuibeba printa kwenye gari hadi Lodwar, mpigie fundi na umpe taarifa hizi: jina na nambari ya modeli iliyo kwenye kibandiko, maneno au taa zinazoonekana, matokeo ya jaribio la fotokopi, aina ya umeme unaotumia, na lini ilifanya kazi mara ya mwisho. Mtumie picha ya ukurasa wenye kasoro. Huenda akakuelekeza kwa simu, au akakwambia kipuri hakipo wiki hii, ukaokoa nauli. Ikilazimu kusafiri, printa ya tangi isafirishwe ikiwa imesimama wima na vifuniko vimekazwa, na katriji ya leza itolewe na kufungwa kwenye karatasi nzito.

Muhtasari wa kubandika ukutani

1. Toa fotokopi: ikitoka safi, kosa liko kwenye kompyuta, isipotoka, liko kwenye printa.
2. Kagua umeme. Leza haifai kwenye inveta ndogo wala UPS.
3. Kagua waya, Wi-Fi na jina la printa iliyochaguliwa.
4. Fungua foleni na ufute kilichokwama. Usibonyeze "Print" mara ya pili kabla ya kuangalia.
5. Hakikisha kipimo ni A4.
6. Vuta karatasi iliyokwama polepole, ukielekea upande wa kutokea.
7. Zima printa ya wino kwa kitufe chake, na uifunike.
8. Futa hati za wateja kabla hawajaondoka.

Na kwa wanaosubiri karatasi: usingoje siku ya mwisho. Fomu iliyochapishwa wiki moja kabla ya muda kuisha huacha nafasi ya printa kugoma, kutengenezwa, na bado chifu akapatikana kupiga muhuri.